Shemasi Orina, Mziba Sufuria

Katika mtaa wote wa Oruba, mjini Migori, hakuna mtu aliyejihadhari na kinachoingia kinywani kama Orina. Chai ya majani hakunywa, alikunywa mchaichai. Nguruwe alimwita "ule mnyama", asije akaichafua asubuhi kwa kumtaja jina. Akinunua biskuti dukani alirudi mlangoni kwenye mwanga, akausoma ubavu wa pakiti neno kwa neno akitafuta mafuta ya ule mnyama, na waliokuja kununua sukari wakamngojea. Alipopeleka mzigo Homa Bay, wavuvi wakamkaribisha kambare mumi wa kuchoma, aliitazama ile ngozi isiyo na gamba hata moja, akashukuru, akala ugali kwa chumvi. Mwenye duka alimwambia siku moja, "Shemasi, wewe hata sumu ikitaka kukuingia lazima ibishe hodi kwanza." Orina hakucheka. Aliona mtu amesema kweli.

Mtu huyo huyo alikula chakula cha mchana kwa mikono ya kijivu, miaka nenda miaka rudi, baada ya sala ndefu ya kukibariki.

Kazi yake ilikuwa kuyeyusha ledi. Ndivyo pale yadini walivyoyaita madini ya risasi, yale mazito yaliyomo ndani ya betri. Yadi ilikuwa ya Mosoti, kando ya barabara iendayo Isebania, na betri zilizokufa zilifika hapo kutoka kila upande: za pikipiki, za matatu, na za sola kutoka kwa wachimba dhahabu wa Macalder na Osiri. Sammy, mwenzake Orina, alizipasua kwa shoka, akamwaga maji yake makali mtaroni. Vyuma vya ndani vikatupwa katika chungu kikubwa juu ya makaa, na Orina, mwenye upawa, akakoroga mpaka vikawa maji, akayamimina katika kalibu ndogo za udongo. Yakipoa yalitoka vizito vya kufunga kwenye nyavu. Nyavu nyingi za Homa Bay zilizama kwa mkono wa Orina, na jambo hilo lilimpendeza.

Moshi ulikuwepo. Hakuna aliyesema haukuwepo. Lakini Mosoti hakuwa mtu mbaya, na kwa ajili ya moshi kila mfanyakazi alipewa pakiti ya maziwa mala, yaani mtindi, kila jioni, kwa sababu maziwa hukata sumu. Jambo hilo lilijulikana tangu zamani, na hakuna aliyewahi kuuliza yanaikata kwa kisu gani. Walikunywa, wakapangusa midomo kwa mikono ya kijivu, wakaenda nyumbani. Sammy alikuwa ameanza kushindwa kuinua kikombe bila kumwaga, wakasema ni pombe, ingawa Sammy hakuwa mlevi kuliko wengine. Orina mwenyewe alikuwa hapati choo wiki nzima, tena hasira zilimpanda kwa vitu vidogo, kama kijiko kudondoka. Alifunga na kuomba juu ya zile hasira. Kwa ajili ya choo alikula papai.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo watu husema, na Orina aliushika msemo huo kwa nguvu kuliko walioutunga. Kitu kinachovuja kilimnyima raha. Sufuria ya kwanza ilikuwa ya mkewe, Gesare, aliyopewa na mama yake siku ya arusi, nayo ilitoboka tundu kitakoni. Orina alikuja na kipande cha ledi mfukoni, akakipenyeza tunduni, akakigongagonga kwa nyundo juu na chini mpaka kikalala kama kifungo cha koti. Wakatia maji. Halikutoka hata tone. Ledi ni laini, inasikia mkono, na moto wa kuchemsha uji hauitishi.

Habari hizo zilifika kanisani kabla ya Sabato kufika. Nyarangi, mama mkuu wa jiko la kanisa, alileta sufuria mbili zilizokuwa zimewekwa kando kuwa za kuku kunywea maji. Wengine wakafuata. Orina aliziba zote bila malipo, maana karama haiuzwi, na mwisho wake akaiziba ile kubwa ya kanisa, inayopikiwa wakati wa makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, ambayo mtu mzima anaweza kuogea ndani. Kanisani alikuwa shemasi wa mlangoni, wa kuonyesha watu viti. Watu wengi walisimama mlangoni hapo kuzungumzia mapishi yao, na yeye akasimama wima zaidi.

Sasa ijulikane kwamba kwa watu wa kanisa hili jiko halikokwi siku ya Sabato, yaani Jumamosi. Ijumaa ni siku ya maandalio: nguo hufuliwa, viatu hung'arishwa, na chakula cha kesho hupikwa kabla jua halijazama, kikangoja ndani ya sufuria hadi mchana wa pili. Gesare alipika uji wa wimbi uliochachuka vizuri, akaukamulia ndimu, akaufunika. Uji wa namna hiyo kadiri unavyolala ndivyo unavyokolea. Watu wazima walikuwa na ugali wao na mboga, kwa hiyo uji ulikuwa wa Moraa.

Moraa alikuwa binti yao wa pekee, aliyekuja wakati Gesare amekwisha kuzoea kuulizwa atazaa lini. Alianza kusema mapema, na alipokuwa na miaka minne alisimama mbele ya kanisa akakariri fungu refu la Biblia bila kukwama, akaongeza na la wiki iliyopita ambalo hakuna aliyemwomba. Wazee walicheka mpaka wakavua miwani. Orina alikuwa mlangoni. Kama kulikuwa na dhambi ya majivuno siku ile, aliifanya yote, akabakiza kidogo ya kutembea nayo njiani.

Halafu mtoto akaanza kupungua. Alipokuwa na miaka mitano tumbo lilimnyonga kila Jumapili, akajikunja sakafuni. Hamu ya kula ikamwisha, ila uji aliukubali. Maneno aliyokuwa nayo yakaanza kumponyoka; alikionyesha kikombe kwa kidole na kusema "ile". Mwalimu wa chekechea alimwita mama yake akasema huenda mtoto ni mvivu. Jirani mmoja alisema ni jicho la mtu, akawashauri wasimtoe mbele za watu. Gesare alilia peke yake nyuma ya nyumba. Orina aliomba, akaongeza uji, maana ndicho kitu pekee alichokuwa akila mtoto.

Kilichogeuza mambo ni tumbo la Sammy. Lilimkamata kazini, wakampeleka hospitali akipiga kelele, na daktari akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza kwa ajili ya tumbo: anafanya kazi gani. Haikuchukua muda, pikipiki ya serikali ikaingia yadini ikimleta Milka Wangwe, afisa wa afya ya umma, mwanamke wa Ntimaru, mfupi, asiye na haraka. Nyuma yake alikuja muuguzi na kisanduku cha barafu.

Mosoti alimpokea kwa heshima na pakiti ya maziwa mala.

"Madam, hawa watu wangu nawapea maziwa kila siku," alisema. "Sijakosa hata siku moja."

"Asante. Maziwa ni mazuri, hata mimi nakunywa," alisema Milka, akaipokea. "Lakini hayatoi ledi, mzee. Ledi ikishaingia kwa mifupa inakaa huko kama mwenye nyumba."

Wanaume walitazamana. Mmoja aliitazama pakiti yake kama mtu aliyeambiwa mkewe si mkewe.

Milka aliwaeleza kwamba vumbi lile na moshi ule huingia kwa pumzi na kwa chakula kinacholiwa kwa mikono michafu, na kwamba huenda nyumbani ndani ya nguo. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. Wote wakainamisha vichwa kuzitazama ovaroli zao. Akawaambia wake na watoto wao pia walete mikono itolewe damu.

Orina aliinua mkono. "Daktari, hiyo ledi, kwa maneno mengine, ni najisi?"

"Mzee wangu, mimi ni Mkatoliki, mambo ya najisi sitayaweza," alisema Milka. "Ni sumu."

Orina alikaa chini. Baadaye alimwambia Gesare kwamba katika yote yaliyokatazwa alikuwa hajawahi kuona mahali ledi imetajwa.

Majibu yalipotoka, wayeyushaji wote walikuwa na ledi nyingi damuni, na Orina alikuwa juu miongoni mwao. Hilo Milka alilitarajia. Gesare alikuwa nayo kiasi. Lakini Moraa, ambaye hajawahi kukanyaga yadini, alikuwa anamkaribia baba yake. Milka alilitazama jibu hilo, akaomba damu itolewe tena. Likarudi lile lile. Akapanda pikipiki akaenda Oruba, akamkuta Orina na mkewe nyumbani.

Aliikagua nyumba kama mama mkwe. Aliupapasa ukuta wa rangi, akachukua udongo wa uani, akauliza ovaroli zinafuliwa wapi. Gesare akamwonyesha beseni lililofungiwa nje, la nguo za kazi peke yake, maana mume wake hakubali uchafu wa kazi uchanganyike na nguo za Sabato.

"Basi mmefanya vizuri," alisema Milka, na uso wake haukufurahi, kwa kuwa sasa hakujua ledi imepita wapi. Alimtazama Moraa aliyekuwa amekaa mlangoni akichezea kandambili. "Hili tumbo linamuuma siku gani, mama?"

"Jumapili, daktari. Sabato anashinda tu sawa, jioni inaanza."

"Na Sabato anakula nini?"

"Ile tulipika Ijumaa. Uji tu. Hataki kitu ingine."

Milka akaomba aonyeshwe uji unapolala. Gesare alienda jikoni akarudi na sufuria ya mama yake, ameisugua inang'aa, akaigeuza mgeni aone kitako. "Hii ilitoboka, huyu baba Moraa akaitengeneza mwenyewe," alisema. "Haivuji hata tone."

Kile kifungo kilikuwa pale, laini, cha kijivu, kimelala vizuri. Milka aliigeuza sufuria akainamisha kichwa atazame ndani, kisha akampa Orina naye atazame. Kwa ndani kifungo hakikuwa laini tena. Kilikuwa kimelika, kina mashimo mashimo, na katikati kimebonyea kiasi cha kuingiza ncha ya kidole. Orina aliingiza ncha ya kidole.

"Niliijaza hapa," alisema. "Nilijaza ikawa sawa na sufuria." Akapapasa tena. "Sasa ile ingine imeenda wapi?"

Moraa alikuwa bado mlangoni na kandambili yake. Orina alimtazama, akakaa juu ya ndoo. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za mvi, na alilia kwa sauti mbele ya mgeni wa serikali, na Gesare aliyekuwa amekwisha kulia miezi mingi akabaki amesimama na sufuria, hajui aiweke wapi.

Halafu Milka akauliza kwa upole, "Mzee, umeziba zingine?"

"Za kanisa," alisema Orina.

Moraa alipelekwa hospitali kubwa, akapewa dawa, akalazwa, akarudi. Damu ilianza kusafika na tumbo likaacha kumnyonga. Kuhusu kichwa, daktari alisema mengine yatarudi polepole na mengine huenda yasirudi, na alipoulizwa ni yapi, alisema hilo hata yeye hawezi kujua. Orina aliona afadhali angedanganywa.

Yadi ilifungwa mpaka Mosoti ajenge bafu, chumba cha kubadilishia nguo, dohani ndefu, na mahali pa kulia chakula mbali na chungu. Mosoti alisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akauza vyuma chakavu, akajenga. Wafanyakazi waliokaa bila kazi walimlaani Milka kuliko walivyoilaani ledi, kwa kuwa Milka walimwona. Yadi ilipofunguliwa, Orina hakuruhusiwa kukaribia chungu hadi damu yake ishuke, akawekwa langoni kuhakikisha hakuna atokaye na nguo za kazi wala asiyeoga. Kazi hiyo aliijua. Alimrudisha Mosoti mwenyewe bafuni kwa sababu ya vumbi nyuma ya sikio.

Zilibaki sufuria. Wakati wa matangazo kanisani, Orina aliacha mlango akaenda mbele, akasema kwamba sufuria zote alizoziba zina sumu, zisipikiwe, zirudishwe kwake. Mzee wa kanisa akasimama akamshukuru Ndugu Orina kwa unyenyekevu wake, akatangaza mazoezi ya kwaya. Baada ya ibada Nyarangi alimkuta mlangoni.

"Shemasi, unajihukumu bure," alimwambia. "Mtoto aliugua, pole sana. Lakini hizo sufuria tumepikia miaka, si unaona sisi wote tuko wazima?"

"Nyarangi, nimeona kwa macho yangu. Ilikuwa imelika."

"Kitu ikitumika inalika. Hata ngazi ya kanisa imelika." Akampa mkono. "Mbuya mono, vyema sana. Sabato njema."

Milka naye alikuja siku nyingine na kipaza sauti, na picha ya mifupa. Akina mama walimsikiliza, wakapiga makofi, wakampa ndizi za kubeba, wakaenda nyumbani kupika. Wengine waliambiana kwamba serikali ikikukataza kitu cha bure, kuna mtu mahali anataka kukuuzia. Sufuria hazikuja. Usiku Orina alilala akiyahesabu majina ya watoto wa watu, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani angekuwa fundi mbovu.

Makambi yakafika. Hema likasimamishwa, sufuria kubwa ikatolewa stoo ikawekwa kando ya mafiga kungoja Ijumaa, na watoto wakapangwa kukariri. Moraa alikuwa amepangwa tangu mwaka uliotangulia, lile fungu lake lile lile la kwanza, ambalo kanisa zima lililikumbuka. Gesare alitaka wamwondoe.

"Watamcheka," alisema.

"Yeye anataka," alisema Orina. Ilikuwa kweli. Alikuwa amelisema nyumbani wiki nzima, na siku nyingine lilikuja lote.

Jumatano Moraa alisimama mbele na gauni jeupe. Alianza vizuri, sauti ile ile. Watu wakaanza kutabasamu mapema. Katikati akasimama. Akarudi mwanzo, akaja mbio kama anayetaka kuruka mtaro, akasimama pale pale. Mwalimu alimnong'oneza neno, akamtazama mwalimu, asilishike. Mtoto wa safu ya mbele alicheka, mama yake akamfinya. Moraa akainua macho juu ya vichwa vya watu, akamtafuta baba yake kule mlangoni. Orina alikuwa nalo lile neno. Alilitamka bila sauti, mara ya kwanza, mara ya pili, midomo wazi, mbele ya kila aliyegeuka kutazama. Umbali ulikuwa mkubwa. Mtoto akasema, "Ile," akaenda kuketi.

Watu wakasema amina, moja, hafifu. Nyarangi, aliyekuwa amesimama pembeni mwa hema na aproni yake, hakusema amina. Alikuwa mmoja wa wale waliovua miwani mwaka ule.

Makambi yakaisha. Jumapili asubuhi Orina alikuwa uani akinyoa ndevu alipoona sufuria kubwa ya kanisa inaingia langoni na miguu minne chini yake. Ilikuwa Nyarangi na mama mwingine. Waliitua, Nyarangi akajifuta jasho.

"Ijumaa nilipika kwa ndoo za bati za watu," alisema, bila salamu. "Toboa."

"Nyarangi..."

"Wewe ndiye uliziba, toboa wewe. Nikiiacha hivi, kuna mtu atakuja kuniambia haivuji."

Nyuma yake walikuwa wengine, wengi wakiwa na sufuria vichwani, na wachache wamezifunika kwa leso kama wanaobeba kitu cha aibu. Hakuna aliyemlaumu. Angelaumiwa ingekuwa nafuu. Orina alitandika gunia kama Milka alivyomfundisha, akavaa barakoa na glavu za yadini, akachukua nyundo na msumari mnene. Aliigeuza ile kubwa, akauweka msumari katikati ya kifungo chake, akapiga. Alikuwa ameifunga vizuri; ilimbidi apige tena na tena. Kizibo kikaanguka guniani, na mwanga ukaingia ndani ya sufuria. Akavuta nyingine. Akina mama walisimama wakitazama, na kila iliyotobolewa mwenyewe aliichukua akaichungulia, kisha akakaa nayo tu. Ya mwisho aliileta Gesare. Ilikuwa ya mama yake, na aliishikilia mwenyewe wakati wa kupigwa.

Moraa alikuwa amekuja bila kuitwa. Aliviona vile vifungo vimelala juu ya gunia vinameta upande uliogongwa na nyundo, akainama akanyoosha mkono. Orina akauzuia mkono wake kwa kiwiko.

"Usiguse, mama."

"Ni nini, tata?" akamwuliza baba yake.

Orina alikuwa na jibu la Milka, kwamba ni sumu, na jibu la daktari, kwamba mengine huenda yasirudi. Yote mawili aliyajua kwa moyo, maana yeye bado alikuwa na kichwa cha kukariri.

"Ni kazi ya tata," alisema, akalikunja gunia.